Miguu ya Maji

Kisangani, Makiso, tarehe 17 Novemba 2024

Yaya Landry,

Kaka yangu, pokea salamu za nyumba nzima kabla sijaanza kulalamika. Mama anakusalimu, goti lake la kulia linamsumbua kila mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika nguo. Mimi niko na cherehani yangu kuanzia asubuhi, maana unajua Novemba ilivyo: kila mama wa Kisangani amekumbuka ghafla kwamba watoto wake watahitaji nguo za Noeli, na wote wanataka zao zishonwe kwanza. Binti yako Gracia hajambo. Jino lake la mbele limeng'oka na sasa anaongea kwa miluzi. Mwalimu wake anasema anasoma vizuri ila anapiga domo mno, na mimi sikuuliza tabia hiyo ameirithi kwa nani.

Barua hii nampa Kapiteni Mahmoudi, yule mtu wa Maniema mwenye baleinière, ile mashua ya mbao iliyopakwa mstari wa kijani. Nimejaribu kukupigia simu mara nne. Najua huko Barumbu mtandao unashika kwenye kilima cha kanisa tu, na haya ninayotaka kusema si ya kupigiwa kelele juu ya kilima.

Yaya, Gracia ameanza kuuliza habari za miguu ya maji. Unakumbuka sisi tulivyokuwa Yanonge. Papa, baba yetu, alituambia kwamba Papa Noeli wa Wazungu anapita kwenye theluji, lakini wa kwetu anakuja kwa mtumbwi, bila viatu. Asubuhi ya Noeli tulikuta nyayo zimelowa kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka wetu, na mwisho wake nguo mpya na mikate ya mafuta iliyofungwa katika jani. Sharti lilikuwa moja, kuamka kabla hazijakauka. Aliyechelewa alikuta sakafu tu. Na Papa Noeli yule alikosa kidole kidogo cha mguu wa kushoto, sawasawa na Papa, na mimi hadi nafikisha miaka kumi niliona ni bahati yao tu kufanana.

Kwa Gracia, wewe ndiye uliyekuwa ukiweka miguu hiyo kila mwaka. Noeli hii ni ya kwanza bila mama yake. Ananiuliza mama yake atarudi lini, nami najibu kama ulivyoagiza: amesafiri. Tangu mwezi wa tatu nasema amesafiri. Njoo, Yaya. Njoo uweke miguu, halafu tukae naye tumwambie kwamba mama yake, Chimène, alikufa majini. Ana miaka saba, si mtoto wa kubebwa mgongoni.

Mimi mdogo wako,
Micheline


Barumbu, tarehe 11 Desemba 2024

Mdogo wangu Micheline,

Barua yako imechukua zaidi ya wiki tatu, Mahmoudi alikwama Isangi akingoja kipuri cha injini. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie Mama apake goti mawese ya moto na aache kubishana na mvua. Hapa maji yamepanda hadi mlangoni mwa soko, wanawake wanauza mihogo wakiwa wamesimama kwenye matope, na hakuna anayekwenda nyumbani.

Noeli sitaweza kuja. Kazi ni nyingi. Siku hizi sivui tena, nanunua samaki kwa wavuvi hapa ukingoni, nawakausha kwa moshi, natuma. Mtumbwi niliuuza, ulikuwa umezeeka.

Namtumia Gracia kikwembe cha maua mekundu, umshonee gauni. Kuhusu lile jambo jingine, usimwambie. Mama yake amesafiri, basi. Mtoto haharibiwi Noeli. Mwakani tutaona.

Na miguu ya maji safari hii acheni. Mwambie Papa Noeli ameanzia upande wa Barumbu.

Kaka yako,
Landry


Kisangani, tarehe 2 Januari 2025

Yaya Landry,

Mwaka mpya uwe mwema kwako. Tulikula majani ya pondu, ndizi za makemba na kuku mmoja ambaye Mama alimgawa kwa hesabu zake mwenyewe, yaani mapaja yote yalikwenda kwa Gracia. Mama aliimba kanisani hadi sauti ikapotea, na siku mbili zilizofuata alitutuma kwa kidole. Gauni jekundu limemkaa Gracia vizuri.

Sasa keti kwanza, ndipo uendelee kusoma. Asubuhi ya Noeli Gracia aliamka kumekucha akakuta miguu ya maji. Nilimsikia akipiga yowe la furaha. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapima nyayo kwa kiganja chake. Ile ya mwaka juzi ilikuwa mikubwa. Hii ilikuwa midogo. Akaenda kwenye sanduku la nguo za Chimène, akatoa zile kandambili zake za bluu, akaweka moja juu ya unyayo. Ikaenea.

"Tantine, kuya uone! Haiko Papa Noeli. Ni Mama! Mama alipitaka huku!"

Halafu akaanza kufikiri, na uso wake ukabadilika. "Sasa juu ya nini hakunilamusha? Nililala sana?"

Mama alitoka nje akasimama kwenye mvua na goti lake.

Tangu siku ile halali inavyopasa. Anakaa kwenye mkeka amevaa gauni, anajifinya mkono ili asisinzie, mchana anaanguka popote alipo. Mara mbili ametoroka hadi bandarini. Mara ya pili kijana wa toleka alimrudisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, akaniambia mtoto alikuwa anauliza kila abiria anayeshuka kama amemwona mama mmoja asiye na kandambili. Anaamini mama yake alikuja, akamkuta amelala, akaondoka zake. Anaamini ni kosa lake. Neno lako "amesafiri" ndilo limezaa haya. Njoo, nakuomba.

Micheline


Barumbu, tarehe 16 Februari 2025

Micheline,

Mama na wewe salamu. Nimesoma barua yako na sikulala.

Umeniandikia habari za kuku, makemba, sauti ya Mama, hata kijana wa toleka. Nani aliweka miguu, hukuandika. Nilikuomba muache. Nilikuomba kwa maandishi! Sasa mwanangu anaketi bandarini kwa sababu mtu mmoja nyumbani humo hakusikia.

Kuja siwezi. Kazi.

Landry


Kisangani, tarehe 9 Machi 2025

Yaya,

Mama mzima, Gracia amepungua uzito, mimi nashona sare za kwaya. Hizo ndizo salamu.

Ni mimi. Kulipopambazuka, kabla sijapika, nilichota maji kwenye beseni, nikachovya miguu, nikatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka wake. Nilimwonea huruma. Baba hayupo, mama hayupo, nikasema angalau miguu iwepo. Niliwaza mtoto ataangalia maji, hataangalia ukubwa. Mimi, Yaya! Mimi niliyelelewa na Papa Noeli asiye na kidole, nikasahau kwamba miguu ina mwenyewe. Na nikasahau kwamba mimi na Chimène tulivaa viatu vya namba ileile. Viatu alivyovaa siku ya harusi yenu vilikuwa vyangu. Nisamehe. Nimejisema mwenyewe kuliko utakavyoweza kunisema.

Lakini nawe una la kujibu. Mtumbwi wako una miaka miwili, niliukalia bado unanuka rangi, usiniambie umezeeka. Na Mahmoudi anasema unasimama mbali juu ya ukingo, unamrushia barua ikiwa imefungwa kwenye jiwe, hutaki hata kukanyaga ubao wa kupandia. Unaogopa nini?

Nakupa hadi Pasaka. Usipomwambia mtoto, nitamwambia mimi.

Micheline


Kisangani, tarehe 1 Mei 2025

Yaya,

Pasaka imepita. Sikumwambia. Nilimketisha, nikafungua mdomo, nikamwambia akanawe mikono. Kumbe mimi ni mwoga kama wewe. Andika.

M.


Barumbu, tarehe 30 Juni 2025

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Maji yameshuka, visiwa vya mchanga vimetokea, watoto wanacheza mpira katikati ya mto. Barua hii nimeianza mara tano. Mara nne niliandika habari za samaki hadi chini ya karatasi, nikachana.

Chimène hakutaka kupanda mashua Jumanne ile. Alitaka kungoja Alhamisi aje kwenu na Mahmoudi. Samaki wetu walikuwa wameanza kupata wadudu, nikamwambia, "Ukingoya Alhamisi tutauzisha funza tu." Alicheka. Mashua ilikuwa imejaa, watu wamekalia magunia hadi juu kabisa, na mimi niliona, Micheline. Niliona kwa macho yangu. Bado nikampakilia mzigo, nikamshika mkono apande. Alikuwa amebeba biskuti za Gracia ndani ya kikwembe.

Watu wa Yanonge walimtoa majini siku ya pili. Nilikwenda kumzika kwa njia ya msituni na nikarudi kwa njia ya msituni. Kutoka hapo sijapanda chombo chochote. Nikikaribia ubao nageuka nyuma, na watu wanatazama. Kazi si sababu. Sababu ni hiyo, na nyingine ni kwamba Gracia ataniuliza nani alimpakia mama yake, nami nitapaswa kujibu.

Karatasi ndogo humu ndani ni yake. Umsomee. Noeli nitakuja kwa pikipiki, kwa njia ya msituni, hata kama ni siku tatu.

Landry

*

Gracia mwanangu,

Mama yako hakusafiri. Alikufa majini mwezi wa tatu mwaka jana, mashua ilizama. Alikuwa anakuja kukuona. Papa ndiye aliyempakia, na Papa aliogopa kukuambia.

Siku ya Noeli hakupita kwako. Angepita, angekuamsha. Unajua alivyokuwa anakuamsha, kwa kuvuta sikio. Wewe hukulala sana. Hukukosa kitu.

Papa


Kisangani, tarehe 14 Septemba 2025

Yaya Landry,

Salamu. Mama amepata fimbo ya kutembelea na anaitumia zaidi kuwafukuza mbuzi wa jirani. Gracia ameingia mwaka wa tatu shuleni.

Barua yako ilikaa Yangambi mwezi mzima mfukoni mwa mtu, lakini ilifika. Nilimsomea Jumapili baada ya misa, tumeketi barazani, Mama amemshika bega. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akataka kuisoma mwenyewe, kwa kidole, na pale uliposema hukulala sana alirudia mara tatu. Akanyanyua macho: "Sasa ile miguu ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia ni yangu. Aliangalia miguu yangu muda mrefu, nikatamani kuificha chini ya kiti. "Ulinidanganya na miguu, Tantine," akasema, akaingia ndani. Hakulia siku hiyo. Alilia siku ya tatu, kikombe cha chai kilipomwagika, akalia hadi akatapika, nami nilimshika tu.

Analala sasa. Hilo umpe Mungu shukrani, mimi nimeshampa. Ila hataki kuona maji sakafuni. Tone likianguka analifuta. Ameweka kitambaa mlangoni na kila anayeingia lazima ajifute, hata padri alijifuta. Mimi ananijibu ndiyo na hapana tu, yeye aliyekuwa anaongea mno. Naumia, lakini nimestahili. Noeli hii sitagusa beseni. Nashona nguo za watu, ya kwetu itapita kama siku nyingine. Tunakungoja na pikipiki yako.

Micheline


Kisangani, tarehe 26 Desemba 2025

Yaya Landry,

Tulikungoja hadi tarehe 24 jua linazama. Mahmoudi anasema mvua imevunja daraja la msituni na hakuna pikipiki inayopita. Sijui kama ulifika darajani ukarudi, au hukuondoka kabisa. Nimechoka kukisia. Gracia nilimwambia Papa hakuweza kuja, basi. Mama hajambo.

Nakuandikia kwa sababu ya jana. Asubuhi nilihisi mtu ananivuta sikio. Nikafungua macho, Gracia amesimama, pindo la gauni lake linachuruzika.

"Tantine, lamuka mbio. Itakauka."

Nikaangalia chini. Nyayo ndogo, vidole vitano vitano, kutoka mlangoni hadi kitandani kwangu. Alimwaga maji mengi mno, nyingine zilikuwa madimbwi kabisa. Mwisho wake kulikuwa na mkate mmoja wa mafuta katika jani, mgumu, maana alikuwa ameuficha tangu Jumatatu.

"Nani alipita?" nikamuuliza.

"Mi najua? Ni mutu tu. Iko na miguu kidogo." Hakutabasamu hata kidogo. Nilicheka, halafu nikalia, na yeye akaniambia nile mkate.

Msururu wa pili ulikwenda hadi kwa Mama. Mama aliutazama, akasema Papa Noeli wa mwaka huu afundishwe kukamua miguu. Na wa tatu, Yaya, ulikwenda kwenye kona ile unapotandika mkeka wako ukija. Hapakuwa na mtu pale. Gracia aliketi kando ya nyayo hizo tangu asubuhi, hakutaka chai, hakutaka kwenda misani. Nikamwambia nitakuandikia leo, je, ana neno la kukuambia? Akafikiri.

"Umwambie Papa, miguu yake ilikauka. Nilitia maji tena mara mbili. Ikakauka tena."

Hayo ndiyo maneno yake.

Micheline


Isangi, tarehe 4 Januari 2026

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa fimbo yake. Darajani nilifika, nikarudi. Nilifurahi limevunjika. Nakuandikia ukweli.

Mahmoudi alinipa barua yako Jumanne, nikaisomea pale pale juu ya ukingo, nikamwambia aningoje. Ubao sikuuweza. Niliingia mtoni hadi magotini, nikashika ubavu wa mashua, watu wakanivuta ndani kama gunia la mihogo na mmoja akaniuliza kama nimelewa. Nimekaa katikati tangu siku hiyo, nimeshika kamba, macho nimefumba. Nimetapika Mungu anajua mara ngapi. Injini imekufa hapa Isangi, kama kawaida yake, wanaitengeneza. Karatasi hii nawapa watu wa mtumbwi wa mota unaotangulia.

Mahmoudi anasema tutafika Jumatano. Mwambie Gracia sina zawadi. Akiniuliza nani alimpakia mama yake nitamjibu, nimemwandikia lakini nitamjibu tena kwa mdomo. Sakafuni mwa mashua hii mmejaa maji na miguu yangu haijakauka tangu Jumanne. Aiache ile kona yangu kama ilivyo, asitie maji tena. Nakuja nayo mwenyewe.

Landry